Udongo wa Kolwezi: Faida Zake na Taabu Zake

Katika mji wa Kolwezi watu wanasema kila siku habari za mawe: shaba, kobalti, bei yake, kazi yake. Habari za udongo wenyewe hatuzisikii sana. Hata hivyo udongo ndio tunaoukanyaga na kuulima, na watoto wetu wanauchezea tangu asubuhi hadi jioni. Tunataka kueleza hapa jambo moja: udongo una tabia ya kushika. Tabia hiyo ndiyo faida yake kubwa. Katika mji wa migodi ndiyo hatari yake pia.

I. Kazi ya udongo

Udongo mzuri si vumbi tupu. Ndani yake mna mchanga, mfinyanzi, maji, hewa, majani yaliyooza na vidudu visivyohesabika. Mvua kubwa za masika zikinyesha, udongo wenye mizizi unakunywa maji polepole. Lakini kiwanja kitupu, kilichoshindiliwa na magari, hakiwezi kunywa. Maji yanakimbia, yanachimba makorongo, yanabomoa nyumba.

Tena udongo unalisha. Lenga-lenga, matembele na mahindi ya lupango ni msaada mkubwa kwa jamaa nyingi, zaidi wakati mshahara unapokawia. Tena unachuja maji. Mfinyanzi na majani yaliyooza vinakamata chembe za madini kama vile wavu unavyokamata samaki, na maji yanayofika kisimani yanakuwa safi zaidi.

Sasa tujiulize: chembe zile zilizokamatwa zinakwenda wapi? Haziendi popote. Majani yanaoza, shaba haiozi. Inabaki palepale.

II. Udongo unatunza kumbukumbu

Katika Katanga si kila shaba ya udongo imeletwa na watu. Vilima vya shaba, kama vile vya Fungurume, tangu zamani havina msitu juu yake. Vina nyasi na maua yanayoweza kuvumilia shaba. Moja la maua hayo wataalamu wanaliita Haumaniastrum katangense. Wengi walilitumia kama alama ya kutafutia shaba.

Lakini ua hilo linaota pia mahali pengine pasipo mgodi. Wataalamu walichimba, wakakuta mabaki ya tanuru za wazee wetu wafua shaba, wale ambao Monsinyori de Hemptinne aliandika habari zao mwaka 1926 na kuwaita “wala shaba”. Moto wao ulizimika zamani sana, udongo haujasahau.

III. Mzigo wa siku hizi

Kama tanuru ndogo za wazee zimeacha alama ya namna hiyo, itakuwaje kwa kazi kubwa? Tutazame Lubumbashi kwanza. Tanuru yake kubwa iliwashwa mwaka 1911. Upepo wa huko unatoka zaidi kusini-mashariki, basi moshi wa kiberiti na vumbi la madini viliangukia upande wa kaskazini-magharibi, hata kilima cha Penga Penga. Miti ikafa, na mvua ikachukua udongo wa juu.

Kolwezi ulianzishwa na Union Minière mwaka 1937. Mashimo yakapanuka, na mabaki ya mawe yaliyosagwa yakalundikwa Kingamyambo na katika bonde la mto Musonoi. Mabaki hayo yalikuwa na shaba na kobalti nyingi hata siku hizi yanasafishwa tena kiwandani.

Katika mtaa wa Kasulo, mwaka 2014, watu waligundua kobalti chini ya nyumba zao. Wakachimba ndani ya lupango, hata chini ya sakafu, na vumbi likaingia vyumbani. Mwaka 2018 waganga na wataalamu wa Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao: mkojo wa watoto wa mtaa ule ulikuwa na kobalti mara kumi kupita ule wa watoto wa mahali pengine. Watoto hao hawakuchimba. Walicheza tu chini, wakatia mikono kinywani.

IV. Mambo ya kutenda

Kuwaambia watu wasilime, hapana, watakula nini? Tuwafundishe haya:

1. Kabla ya kulima, tuulize kiwanja kilikuwa na kazi gani. Mahali pa kuoshea au kulundika mawe si mahali pa mboga.

2. Mboga za majani zinavuta madini na kupokea vumbi kuliko matunda ya mti. Tuzioshe sana, lakini tujue kwamba maji hayaondoi kilicho ndani ya jani.

3. Tutie mbolea ya majani yaliyooza na chokaa. Udongo mkali unaachilia shaba. Chokaa inapunguza ukali ule, na shaba inashikwa. Huko Lubumbashi wataalamu walipanda nyasi za kienyeji katika udongo wa shaba uliotiwa vitu hivi viwili, na nyingine zikashika mizizi.

4. Nyumbani tumwagie sakafu maji kabla ya kufagia, tusipeleke mawe ya kobalti chumbani, na watoto wanawe kabla ya kula. Mama mwenye mimba asile udongo wa karibu na migodi.

5. Tusiache kiwanja cha parokia au cha shule kitupu. Nyasi na miti zinazuia vumbi.

Hata hivyo tusiwatwike akina mama mzigo wote. Ufagio na ndoo haviwezi kushinda lundo la mabaki. Mwenye kuchimba anapaswa kufunika na kutengeneza alipochimba, na wakubwa wa serikali wanapaswa kumwangalia. Katekista anayejua mambo haya ataweza kuyasema kwa utulivu mbele ya mtu yeyote.

Madini yatakwisha siku moja. Udongo utabaki, pamoja na yote tuliyouachia, na watoto wa Kasulo watalima humo.