Neno "Uhuru" katika Elimu ya Falaki

Hewa ya dunia huizuia miali ya eksirei itokayo kwenye nyota. Hata darubini iliyopandishwa kwa puto hupata sehemu yake tu. Ndiyo sababu, tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya Marekani yenye darubini ya eksirei ilirushwa kutoka San Marco, jukwaa la Waitaliano baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Siku hiyo Kenya ilitimiza miaka 7 ya uhuru; setilaiti ikaitwa Uhuru.

Darubini ya angani isiyo na mawasiliano ni bubu: Uhuru ilipeleka habari zake ardhini kwa mawimbi ya redio. Orodha yake ya nne, ya mwaka 1978, ina vyanzo 339, na majina yake huanza kwa 4U. U hiyo ni Uhuru. Basi wanafalaki wa lugha zote wangali wakiitaja herufi ya neno la Kiswahili.