Ikulu ya Mwami huko Nyanza

Wengi wetu tumepata kuona picha za ngome za Wajapani, zile nyumba nyeupe zenye mapaa mengi juu ya kuta za mawe. Mojawapo ni ile ya Osaka. Mtawala Toyotomi Hideyoshi alianza kuijenga mwaka 1583. Mwaka 1615 ikaharibiwa vitani. Ikajengwa tena, na mwaka 1665 mnara wake ukapigwa na radi ukateketea. Mnara tunaouona leo ulijengwa kwa saruji mwaka 1931. Mwenzangu mmoja alipopata habari hizo alisema: “Basi hiyo si ngome ya kweli. Na ile ikulu ya Nyanza kadhalika. Ni nyumba ya juzi tu, kwenda kuitazama ni kupoteza nauli.” Maneno yake yamenifanya niandike makala haya, maana naona ni wengi wenye fikira hiyo.

Kwanza yafaa tujue ikulu ya Rwanda ilikuwa ya namna gani. Zamani Mwami hakukaa mahali pamoja. Alihama na watu wake kutoka kilima hadi kilima, na kila alipokaa palijengwa nyumba kubwa za miti, matete na nyasi, zikazungushiwa ua. Katika ua huo ilichomekwa miti ya umuvumu, ambayo ni jamii moja na mkuyu. Mwami akiisha kuondoka, nyumba zilioza, lakini ile miti ya ua ilishika mizizi ikawa mikubwa. Mahali kama hapo huitwa ikigabiro, na watu walipaheshimu. Kwa hiyo mtu asemaye kwamba Rwanda haina magofu ya wafalme hajui atafute nini. Wajapani waliachiwa mawe. Sisi tuliachiwa miti.

Mwaka 1899, wakati wa Mwami Yuhi V Musinga, ikulu iliwekwa Nyanza ikakaa huko. Wajerumani walipoweka makao yao Kigali, Mwami alibaki Nyanza, hata wenye shida za mashamba, ng’ombe na mashauri walikwenda kule. Kisha wakaja Wabelgiji. Musinga hakupatana nao, wala hakukubali kubatizwa. Mwezi wa Novemba 1931 walimwondoa katika utawala, wakamhamishia Kamembe, halafu Moba katika nchi ya Kongo, akafia ugenini. Mahali pake wakamweka mwanawe, Mutara III Rudahigwa.

Sasa nieleze mgeni ataona nini, maana ziko nyumba tatu, na kila moja ina somo lake.

Ya kwanza ni ile ya nyasi, iliyojengwa upya kwa mfano wa ikulu ya zamani. Kwa nje ni kama mzinga mkubwa wa nyuki. Mlango wake ni wa chini, na nilipoingia ilinibidi nisimame kidogo mpaka macho yazoee giza. Ndipo nikaona kazi ya mikono: matete yamefungwa duara juu ya duara hata kileleni, bila msumari hata mmoja kuonekana. Ndani mna kitanda kikubwa cha Mwami. Nyuma ziko nyumba mbili ndogo: moja ya maziwa, iliyotunzwa na msichana asiyeolewa, na moja ya pombe, iliyotunzwa na kijana mwanamume. Huko nyuma pia wamo ng’ombe wa inyambo, wenye pembe ndefu za ajabu. Huvishwa shanga, na mchungaji huwaimbia, nao humfuata wakitembea kwa madaha.

Ya pili ni nyumba ya Rudahigwa, iliyojengwa miaka ya 1930 kwa mtindo wa Kizungu, yenye madirisha mapana na vyumba vya kupokelea wageni. Mtu akitoka katika nyumba ya nyasi na kuingia humo, atafahamu kwa hatua chache tu jinsi nchi ilivyogeuka baina ya baba na mwana.

Ya tatu iko kilimani Rwesero. Ilijengwa kwa ajili ya Rudahigwa mwishoni mwa miaka ya 1950, lakini hakupata kukaa humo. Alifariki ghafula Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, tarehe 25 Julai 1959. Mwaka 1961 ufalme ulikomeshwa. Uhuru ulipopatikana mwaka 1962, Kigali ukawa mji mkuu. Baadaye nyumba ya Rwesero ilikuwa makumbusho ya sanaa, na sanaa hizo zimehamishiwa Kanombe, jirani yetu hapa Kabeza.

Karibu na hapo, kilimani Mwima, amezikwa Rudahigwa. Amezikwa pia mkewe, Malkia Rosalie Gicanda, aliyeuawa Butare mwezi wa Aprili 1994 katika mauaji ya kimbari ya Watutsi. Mgeni apitapo hapo na anyamaze kidogo.

Sasa narudi kwa neno la mwenzangu. Ni kweli kwamba nyumba ya nyasi si ile aliyolala Musinga, wala haikujengwa mahali pale pale. Lakini nyumba ya nyasi haikukusudiwa idumu kama jiwe. Tangu zamani iliishi kwa kujengwa tena. Wajapani wenyewe wanalijua jambo hili: hekalu lao kubwa la Ise, la mbao na nyasi, hujengwa upya kila baada ya miaka 20, na mara ya mwisho ilikuwa 2013. Hivyo kijana hujifunza kwa fundi mzee kabla mzee hajafa. Na makaburi ya wafalme wa Buganda huko Kasubi yalipoungua tarehe 16 Machi 2010, Wajapani walitoa msaada katika kuyajenga tena. Lakini kusuka lile paa ilikuwa kazi ya Waganda, kwa sababu bado walikuwako waliojua.

Hapo ndipo penye hatari kwetu. Nyumba ikianguka, itajengwa kama yupo ajuaye kufunga matete. Asipokuwapo, fedha zote hazitafaa kitu. Katika nchi yetu wazee wengi waliokuwa na elimu hiyo waliuawa, na waliobaki wamezeeka. Kwa hiyo nawaomba wanafunzi wenzangu: mwulizeni babu au bibi jinsi ua ulivyofungwa na nyasi zilivyopangwa, mkaandike. Nanyi kaka zetu mliosoma hapa zamani, mkiwa na habari za namna hiyo, leteni katika gazeti hili.

Tena Nyanza si mbali. Panda gari Nyabugogo, vuka Nyabarongo, pita Muhanga na Ruhango. Kwa muda wa saa mbili hivi utakuwa umefika. Nenda asubuhi, lipa kiingilio, msikilize anayekuongoza, wala usione haya kuuliza maswali.