Mstari Ulioachwa na Versailles

Mvuvi wa Muhuru Bay, nchini Kenya, anayefuata mbuta kuelekea kusini haoni bango lolote majini. Akikamatwa na doria ya Tanzania ndipo hujua amevuka. Mstari huo, latitudo ya digrii 1 kusini, ulichorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1890. Basi Mkataba wa Versailles wa 1919 unalaumiwa kwa lipi? Kwa kuuacha. Kifungu cha 119 kiliipokonya Ujerumani makoloni yake yote, Tanganyika ikaangukia Uingereza, na ghafla pande zote mbili zikawa na mtawala mmoja. Kuwaunganisha Wajaluo wa Migori na wenzao wa Rorya, au Wakuria wa Kehancha na wa Tarime, kulitaka kalamu na wino tu.

Lakini Tanganyika ilishikwa kama amana ya Ushirika wa Mataifa, nayo Kenya ikageuzwa koloni mwaka 1920. Kwa hadhi hizo mbili tofauti, mpaka uliofiwa na mwenyewe mmoja ukapata hoja mpya ya kisheria. Kweli, muungano chini ya mkoloni haungekuwa uhuru: vuguvugu la Piny Owacho lilipozuka Nyanza mwaka 1921, lilipinga kodi, kipande na hadhi hiyohiyo ya koloni. Hata hivyo, mwaka 1964 viongozi wa Afrika walipokubaliana mjini Cairo kuiheshimu mipaka waliyorithi, mstari wa Muhuru ulikuwamo.