Nambari ya Mahudhurio: Njia ya Kupanga Safari ya Mtafiti wa Lahaja

Mtafiti wa lahaja aliyeko Lamu, aliyekodi mashua kwa kusudi la kuwahoji wazee wa Pate, Siyu, Faza na Kizingitini, hukabiliwa na swali lisilozungumzwa sana katika vitabu vya isimu: aanzie wapi, na afuatishe wapi, ili kazi iishe kabla ya siku alizozilipia? Umbali si mkubwa, lakini maji ndiyo yenye amri. Mkondo wa Mkanda, upitao kati ya kisiwa cha Manda na bara, hupitika vyema maji yajaapo; yapwapo, nahodha hungoja. Mpango mbaya waweza kupoteza siku nzima, na mzee aliyeahidi kusimulia asubuhi akawa amekwisha kwenda shamba.

Vituo vinne vina mifuatano 24 tu, nayo yote yaenea kwenye karatasi moja. Vikiwa 10, mifuatano hufika 3,628,800. Vikiwa 15, hupita trilioni moja. Makala haya yanakusudia kueleza njia ya kuepuka hesabu hiyo, iliyochapishwa mwaka 1962 na Richard Bellman na, mwaka huo huo, bila kumtegemea yeye, na Michael Held pamoja na Richard Karp.

Ichukuliwe kwanza kwamba maji hayazuii. Mtafiti amekwisha fika Pate, Siyu na Faza, na sasa yuko Faza. Huenda alianza Pate kisha Siyu, akatumia saa 30. Au alianza Siyu kisha Pate, akatumia saa 37. (Saa hizi ni za mfano tu.) Safari iliyosalia, yaani kwenda Kizingitini na kurejea Lamu, ni ile ile kwa njia zote mbili. Kwa hiyo njia ya saa 37 haiwezi tena kushinda, na haina haja ya kukumbukwa. Ya kukumbukwa ni mawili: ni vituo gani vilivyokwisha tembelewa, na mtafiti amesimama wapi. Kwa kila hali ya namna hiyo huhifadhiwa muda mfupi kuliko wote, pamoja na jina la kituo kilichotangulia.

Vilivyotembelewa huandikwa kama mwalimu ajazavyo rejista ya darasa: aliyefika 1, asiyefika 0. Nafasi ya kwanza kutoka kulia ni ya Pate, yenye thamani 1. Siyu ina 2, Faza 4, Kizingitini 8. Rejista 0111 ni nambari 7, yaani Pate, Siyu na Faza. 1001 ni 9, yaani Pate na Kizingitini. 15 ni kazi iliyokwisha. Kila mkusanyiko wa vituo hupata nambari moja isiyofanana na nyingine, na kukiongeza kituo ni kujumlisha thamani yake tu. Na kwa kuwa kila nyongeza huikuza nambari, kompyuta yaweza kujaza jedwali lake kutoka nambari ndogo kwenda kubwa, ikikuta kila inachohitaji kimekwisha hesabiwa nyuma. Kwa vituo 15 jedwali lina visanduku 245,760, na kila kimoja hulinganisha njia zisizofika 15. Kwa vituo vinne visanduku ni 32 dhidi ya mifuatano 24. Hapo mtafiti na atumie kalamu yake.

Istilahi zina mtego. Kwa Kiingereza nambari hii huitwa kwa neno lenye maana ya kifuniko cha uso, na mfasiri ashikaye kamusi ataandika "kinyago" au "barakoa". Tashbihi hiyo inatokana na kazi nyingine, ya kufunika baadhi ya tarakimu ili zisomwe zinazotakiwa tu. Hapa hakuna kinachofichwa. Kinachotajwa ni mahudhurio, na mwanafunzi atafutaye sura nyuma ya kinyago atachoka bure. Jina la njia yenyewe nalo lina kisa. Bellman alipolibuni, neno la programu lilikuwa na maana ya upangaji wa shughuli, wala si maandishi ya kuiamuru kompyuta. Na katika tawasifu yake iliyochapishwa mwaka 1984 alisimulia kwamba neno la pili alilipenda kwa kuwa ni vigumu kulitumia kwa ubaya. "Upangaji wa hatua kwa hatua" wakaribia kusudi lake kuliko tafsiri yoyote ya neno kwa neno.

Sasa maji yarudishwe. Ikiwa shabaha ni kumaliza mapema, njia haiharibiki: aliyefika Faza mapema aweza kungoja maji au kumngoja mzee, na kwa hivyo hawezi kuwa nyuma ya aliyechelewa. Kila kisanduku huhifadhi saa ya mapema ya kuwasili, na muda wa kungoja hujumlishwa. Ugumu huja pale fedha inapohesabiwa pamoja na muda. Safari rahisi iliyochelewa na safari ghali iliyowahi zaweza kukutana katika kisanduku kimoja, wala hakuna inayostahili kufutwa: ya kwanza yaweza kukosa maji ya jioni, ya pili yaweza kumaliza fedha kabla ya Kizingitini. Hapo kisanduku hakina budi kutunza zote mbili, na zaidi zikitokea, na jedwali lililokuwa dogo huanza kufura tena.