Mfuko wa sadaka ulikosa chakula cha mtoto

Siku chache kabla ya kuandama kwa mwezi wa Ramadhani iliyopita, tulizunguka kugawa mifuko ya sadaka kwa kaya zilizoandikwa katika daftari la kamati ya msikiti wetu, hapa Dar es Salaam. Kila mfuko ulikuwa na mchele kilo 5, unga wa ngano kilo 2, sukari kilo 2, mafuta ya kula lita 1 na pakiti ya tende. Katika nyumba moja tulipokewa na bibi aliyempakata mjukuu wa miezi 9. Mama wa mtoto, ambaye aliachika akiwa mjamzito, alikuwa uani akifua. Bibi alishukuru, akaomba dua, kisha akafungua mfuko na kuvipanga vilivyomo mkekani kimoja baada ya kingine. Alipomaliza akatuuliza kwa upole, "Mwanangu, na huyu mjukuu wangu atakula nini humu?"

Hatukuwa na jibu. Tuliomba kuiona kadi ya kliniki. Mstari wa uzito ulikuwa umepanda vizuri miezi 6 ya mwanzo, mtoto akinyonya tu, kisha ukalala. Kwa miezi 3 hakuwa ameongezeka kitu cha kutajwa. Chakula chake kilikuwa uji wa sembe wenye sukari, mwembamba kiasi cha kupita katika chupa ambayo chuchu yake ilitobolewa kwa sindano ya moto. Mama yake alikuwa na hakika kwamba mtoto anakula vyema, kwa kuwa kila chupa ilimalizika.

Turuhusiwe kusema waziwazi kwamba kosa la kwanza lilikuwa letu. Mfuko ule tulikuwa tukiugawa mwaka baada ya mwaka, na orodha yake ilitungwa na wanaume wakiwa wamekaa barazani.

Kwa ajili hiyo tulimwomba muuguzi mmoja, dada yetu anayeswali hapa msikitini, atusomeshe katika chumba cha madrasa Jumamosi baada ya Alasiri. Mengi ya tunayoyaandika leo tumeyapata kwake.

Alianza na kijiko. Alipika uji wa aina mbili, akachota kila mmoja na kukiinamisha kijiko. Wa kwanza ulimwagika kama maji, wa pili ukaganda kijikoni. Tumbo la mtoto hubeba takriban mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hiyo mtoto wa kilo 8 hujaa kwa kikombe kimoja tu cha chai. Kikombe hicho kikiwa maji yaliyotiwa unga kidogo, mtoto atashiba, atalala, na mwili wake utakuwa haukupata kitu. Chupa inayomalizika si ushahidi wa kula. Chakula cha mtoto kinapaswa kuwa kizito kiasi cha kukaa kijikoni, naye alishwe kwa kikombe na kijiko. Chupa ni ngumu kuisafisha, na chuchu iliyotobolewa hukaa na masalia ya uji yanayochacha.

Jambo la pili ni damu. Akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo mtoto hupungua sana afikapo miezi 6, na maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, hayana chuma cha kutosha kuijaza. Sembe nayo haina cha kutosha. Chuma hicho kimo katika maini, nyama, samaki na, kwa kiasi pungufu, katika maharage na mboga za majani. Ndiyo maana muuguzi alisisitiza kwamba mtoto wa miezi 6 anaweza kula maini. Kina bibi waliokuwapo walishtuka. Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba nyama na samaki ni vya mtoto mwenye meno.

Msomaji asidhani kwamba haya ni mambo ya nyumba maskini pekee, au ya mahali penye njaa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionesha kwamba watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 nchini Tanzania wamedumaa. Mwaka 2015/16 walikuwa 34. Na mikoa iliyoongoza kwa udumavu ni Iringa, Njombe na Rukwa, ambako mahindi hujaa maghalani na kusafirishwa kulisha wengine. Iringa walikuwa zaidi ya nusu ya watoto. Chakula kipo nyumbani, ila hakifiki kwenye bakuli la mtoto kwa namna inayomfaa.

Tuingie jikoni. Kina mama wengi walikuja wakitarajia kuambiwa wanunue mashine ya kusagia. Haihitajiki. Uma, mwiko, kinu kidogo na chujio safi vinatosha kwa mtoto anayeanza, na baada ya wiki chache hata chujio hukaa pembeni, kwa sababu mtoto hujifunza kutafuna kwa kupewa chakula chenye chembechembe.

Chakula cha kwanza tulichopika siku ile kilikuwa boga na maini ya kuku. Boga humenywa, hukatwa vipande na kuchemshwa kwa maji machache. Ini moja la kuku, lililooshwa na kuondolewa nyongo, hutiwa humo humo liive kabisa hadi ndani pasibaki wekundu. Vyote hupondwa pamoja, na kijiko kidogo cha mafuta au tui zito huongezwa. Hakuna chumvi wala sukari. Mtoto wa muuguzi mwenyewe, wa miezi 7, alikula mbele yetu, akatukunjia uso, kisha akafungua kinywa tena.

Cha pili kilikuwa viazi lishe, vile vyenye nyama ya rangi ya chungwa, pamoja na samaki. Wanaokaa karibu na soko la Feri hawana udhuru wa kukosa samaki mbichi. Samaki huchemshwa, nyama yake huchambuliwa kwa vidole viwili, taratibu, mara mbili, kwa ajili ya miiba. Hapa hatuoni njia ya mkato. Mchicha mchanga uliokatwakatwa hutiwa dakika za mwisho. Asiye na uwezo wa samaki mbichi atumie dagaa: hukatwa vichwa, huoshwa maji mengi hadi mchanga uishe, hukaushwa kwenye kikaango kikavu, hutwangwa na kuchekechwa. Kijiko kimoja cha unga huo katika uji au katika wali uliopondwa hugeuza mlo wote, na kwa bei yake hakuna mzazi wa kulalamika.

Maharage yaliyoiva sana hupitishwa katika chujio ili maganda yabaki juu. Yai huchemshwa hadi kiini kikauke, kisha hupondwa na viazi. Parachichi, papai na ndizi mbivu hazihitaji hata moto, ila mikono iliyooshwa kwa sabuni na tunda lililooshwa kabla ya kukatwa. Karanga zisagwe laini na zitiwe katika chakula. Karanga nzima humpalia mtoto, na zilizosinyaa au zenye ukungu zitupwe, kwani ukungu wake hutoa sumukuvu ambayo moto wa jikoni hauiondoi. Tunakumbuka vifo vilivyotokea Dodoma na Manyara mwaka 2016 kwa sumu hiyo katika mahindi.

Kuhusu kiasi, anayeanza hupewa vijiko vikubwa 2 au 3 kwa mlo, mara 2 hadi 3 kwa siku, akiongezwa hadi nusu kikombe cha mililita 250. Kuanzia miezi 9 hula mara 3 au 4, na akitimiza mwaka hula robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima kila mlo, na kitu kidogo katikati. Kunyonya kunaendelea muda wote huo. Kilichopikwa kisikae nje ya jokofu zaidi ya saa 2, na kilichobaki katika bakuli alilokwisha kulia mtoto kisiwekwe akiba.

Liliulizwa swali kuhusu unga wa lishe unaouzwa ukiwa na nafaka 5, 6 hata 10. Rai ya muuguzi, nasi tunaiunga mkono, ni kwamba mahindi, mchele, ngano na ulezi ni ndugu wa baba mmoja. Kuviweka vyote pamoja hakumpi mtoto zaidi ya kile ambacho kimoja kingempa, na soya isiyokaangwa vizuri humsumbua tumbo. Nafaka moja safi, na kando yake karanga au dagaa, yatosha. Ama vyakula vya makopo, si haramu wala si sumu, lakini bei yake ni kubwa, na Aprili 2024 shirika la Public Eye la Uswisi lilichapisha uchunguzi uliobaini kwamba nafaka za watoto za kampuni moja kubwa ya huko huuzwa Afrika zikiwa zimetiwa sukari, ilhali zinazouzwa Uswisi kwenyewe hazina.

Lipo jambo la zamani ambalo limesahaulika, nalo ni kimea. Ulezi hulowekwa siku moja, huchujwa, hufunikwa kwa kitambaa chenye unyevu siku 2 au 3 hadi uote, huanikwa juani ukauke, vijimizizi husuguliwa vikatoka, kisha husagwa. Uji mzito ukishaiva na kupoa kidogo, kijiko cha unga huo hukorogwa ndani, nao hulegea mbele ya macho bila kuongezwa tone la maji. Kisha hurudishwa motoni uchemke tena. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania iliufanyia kazi ujuzi huu tangu miaka ya 1980. Ndugu mmoja alisimama akasema kimea ni cha wapika pombe. Imamu wetu alimjibu kwamba zabibu nazo hutumiwa na watengeneza mvinyo, na hakuna aliyeacha kuzila. Nafaka iliyoota ikasagwa na kupikwa papo hapo hailevi.

Swali zito zaidi lilihusu asali. Wapo wanaompaka mtoto mchanga asali mdomoni wakiamini wanafuata sunna ya tahniki, au wanaoitia katika uji mahali pa sukari. Asali imesifiwa katika Surat an-Nahl, na hatuna shaka na sifa hiyo. Lakini inaweza kubeba mbegu za bakteria ambazo tumbo la mtu mzima huzishinda, na ambazo katika utumbo wa mtoto aliye chini ya miezi 12 huota na kutoa sumu inayolegeza misuli, hata ile ya kupumulia. Kuichemsha jikoni hakuziui. Na tahniki iliyopokewa kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, ni ya tende iliyolainishwa. Asali ingoje mwaka utimie.

Tunarudi kwa yule mtoto. Aya ya 233 ya Surat al-Baqara, inayotaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha, imekuja katikati ya aya za talaka. Katika aya hiyo hiyo baba amebebeshwa riziki ya mama anayenyonyesha, na suala la kumwachisha ziwa limefungamanishwa na kuridhiana na kushauriana kwa wawili hao. Kwa maneno mengine, mashauri ya chakula cha mtoto ni ya wazazi wote wawili, hata ndoa ikiwa imekwisha. Katika darasa letu walihudhuria wanaume 3, mmoja wao akiwa imamu.

Tulimwita baba wa mtoto baada ya swala ya Ijumaa. Ni kijana wa bodaboda, na hakuja kwa ubishi. Alisema alidhani mtoto anayenyonya hana gharama. Imamu alimweleza kwamba nafaka ya mtoto iko juu yake, nasi tukamwonesha ile kadi. Walikubaliana na mzee wa upande wa mama kwamba apeleke fedha ya samaki na maini kila wiki. Wiki nyingine anapeleka, nyingine tunampigia simu. Mama naye aliitupa ile chupa mwenyewe, bila ya kuambiwa mara ya pili. Kadi ya mwezi uliofuata ilionesha gramu 400 za nyongeza, na bibi aliileta msikitini ili tuione.

Orodha ya mfuko tumeibadilisha. Kwa kaya yenye mtoto chini ya miaka 2 tumepunguza sukari hadi nusu kilo, tumeondoa unga wa ngano, tumeongeza maharage kilo 2, dagaa, karanga zilizochaguliwa na trei moja ya mayai. Mayai yalizua mjadala mrefu kamatini, kwani mweka hazina alihofu yatavunjika katika bajaji. Mwezi uliopita tulipeleka trei 6, yakavunjika mayai 4.