Shahidi aliyegeuza maneno

Tarehe 28 Januari 2009, mjini The Hague, kijana mmoja kutoka Ituri, Kongo, aliketi kwenye kiti cha shahidi. Alikuwa shahidi wa kwanza katika kesi ya kwanza ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Mshitakiwa, Thomas Lubanga, aliyeshitakiwa kwa kuwatumia watoto vitani, alikuwa humo humo chumbani, mahali ambapo macho yao yangeweza kukutana. Kijana akaeleza kwamba yeye na wenzake walikamatwa na wapiganaji walipokuwa wakitoka shuleni. Siku hiyo hiyo, baada ya mapumziko, akageuza maneno: aliyoyasema asubuhi hayakuwa yake, alifundishwa na watu wa shirika fulani.

Wiki mbili hivi baadaye alirudi. Safari hii chumba kilikuwa kimepangwa upya ili asimwone mshitakiwa, na majaji wakamwacha asimulie kwa mwendo wake mwenyewe bila kukatizwa na maswali kila dakika. Akasema kwenye kambi ya wapiganaji alikuwepo kweli.

Sakania iko mbali na The Hague, na Ituri pia si jirani. Ni mji wa mpakani, kusini-mashariki mwa Haut-Katanga, pale reli iliyotoka Rhodesia ilipoingia Kongo mwaka 1909, mwaka mmoja kabla ya kufika Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Ng'ambo ya mpaka kuna Zambia na mji wa Ndola. Mji wa njia kama huu haukosi kesi za wizi, ugomvi na watoto wanaookotwa barabarani. Na swali lililowasumbua majaji wa The Hague hufika hapa pia, bila kamera: mtu anapojichanganya mbele ya sheria, je, anadanganya, ameumizwa, au ubongo wake umekua kwa njia tofauti tangu utotoni?

Fikiria chumba cha OPJ, afisa wa polisi anayeandika kesi. Mtoto anawaza kwa Kilamba au Kibemba. Afisa anauliza kwa Kiswahili. Karatasi, ambayo Kongo nzima inaiita PV, inaandikwa kwa Kifaransa, na mwishoni huwekwa maneno ya siku zote, "persiste et signe", maana yake anashikilia aliyoyasema, anatia sahihi. Asiyejua kuandika hutia dole gumba.

Sasa mtoto huyo awe na usonji. Afisa anauliza, "Ulichukua simu?" Mtoto anajibu, "Simu." Baadhi ya watoto wenye usonji hurudia neno la mwisho walilolisikia. Hajakubali wala hajakana, ila karatasi haina nafasi ya mwangwi, na kinachoandikwa ni kwamba amekiri. Mwenye ulemavu wa akili naye amekwisha kujifunza nyumbani na shuleni kwamba "ndiyo" ndiyo inayowanyamazisha wakubwa. Yule asiyeweza kutulia hujibu swali kabla halijaisha. Na aliyepitia vita au kubakwa anaweza kukumbuka harufu ya jasho na mlio wa mlango, huku siku, saa na nani alitangulia kuingia vikimchanganya kila anapoulizwa.

Macho nayo huwaponza wengi. Afisa hudhani anayeinamisha macho anaficha kitu. Katika nyumba nyingi za Katanga mtoto anayemkazia macho mtu mzima ndiye anayeambiwa hana adabu. Kwa hiyo mtoto mwenye usonji, mtoto mwenye hofu, mtoto mwenye adabu na mwizi halisi, wote wanne wanaweza kutazama sakafu ile ile.

Wazungu hawakuzaliwa wakiyajua haya. Mwaka 1972, London, Maxwell Confait aliuawa, na polisi wakawahoji vijana watatu. Mmoja wao, Colin Lattimore, alikuwa na umri wa miaka 18 lakini akili yake ilikadiriwa kuwa ya mtoto wa miaka 8. Walikiri. Walifungwa. Mwaka 1975 mahakama ya rufaa ikafuta hukumu zao, na uchunguzi uliofuata ulisaidia kuzaa sheria ya polisi ya mwaka 1984, ambayo kanuni zake zinataka mtu mzima asiye polisi awepo pale mtoto au mtu mwenye ulemavu wa akili anapohojiwa. Kenya iliweka jambo linalokaribiana na hilo ndani ya Katiba ya 2010: ibara ya 50 inairuhusu mahakama kumpa mlalamikaji au mshitakiwa mtu wa kati wa kumsaidia kuwasiliana.

Kongo haikosi sheria. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inasema mtoto aliye chini ya miaka 14 hawezi kubebeshwa hatia ya jinai, na aliye kati ya 14 na 18 ana mahakama yake ya watoto. Sheria ya 2006 kuhusu ukatili wa kingono inakwenda mbali zaidi: mwendesha mashitaka au hakimu ni lazima aite daktari na mtaalamu wa saikolojia wapime hali ya aliyetendewa. Lakini Septemba 2020, katika gereza la Kasapa mjini Lubumbashi, wafungwa waliasi, na kwa siku tatu wanawake waliofungwa humo wakabakwa. Mwaka uliofuata Human Rights Watch ilikuwa bado inalalamika kwamba hawajapata matibabu na msaada wa kutosha. Sheria ilikuwa na umri wa miaka 15 wakati huo.

Sharti hilo la mtaalamu, hata hivyo, linamhusu aliyebakwa. Kijana anayeshukiwa wizi, ambaye mama yake anajua tangu zamani kwamba "si kama wenzake", anategemea jicho la hakimu.

Na mara nyingi jina amekwisha kupewa kabla ya kumfikia hakimu. Utafiti uliotolewa na UNICEF mwaka 2010 kuhusu watoto wanaotuhumiwa uchawi Afrika uliwataja wenye kifafa, wenye usonji, wenye kigugumizi, wakaidi kupita kiasi na wapole kupita kiasi. Ni orodha ambayo daktari wa watoto angeweza kuiandika kwa sababu nyingine kabisa. Anayeitwa mulozi, yaani mchawi, hufukuzwa. Aliyefukuzwa hulala barabarani. Wa barabarani hukamatwa. Sheria ile ile ya 2009 inamwadhibu anayemtupia mtoto tuhuma hiyo kwa kifungo cha mwaka 1 hadi 3. Lakini faili la polisi huanzia kwenye simu iliyopotea. Usiku ule mtoto alipotolewa nje ya nyumba haumo ndani yake.

Ni rahisi, mtu akifika hapa, kutaka kila jeraha liwe msamaha. Mahakama hazikukubali. Dominic Ongwen wa Uganda alitekwa na waasi wa LRA akiwa na miaka 9 hivi, akiwa njiani kwenda shule, naye akakua hadi kuwa kamanda wao. Mawakili wake walidai alikuwa mgonjwa wa akili alipotenda. Majaji wakawasikiliza madaktari wa pande zote, wakaikataa hoja hiyo, na mwezi Februari 2021 wakamtia hatiani kwa makosa 61. Utoto wake ulioporwa ulipata uzito baadaye, kwenye adhabu: miaka 25, si kifungo cha maisha.

Hata kijana wa Ituri hadithi yake haikuishia pazuri. Aprili 2009 mtaalamu wa saikolojia Elisabeth Schauer aliieleza mahakama jinsi vita vinavyomwachia mtoto majeraha ya nafsi. Lakini hukumu ilipotolewa tarehe 14 Machi 2012, majaji walisema ushahidi wa shahidi huyo wa kwanza hauwezi kutegemewa, na wakaonya kuhusu watu wa kati waliowatafuta mashahidi. Lubanga alipatikana na hatia kwa ushahidi mwingine, ikiwemo video ya Februari 2003 inayomwonyesha katika kambi ya Rwampara akiwahutubia wapiganaji, wengine wakiwa watoto wa kuonekana kwa macho. Kiti kilichopangwa upya kilimwezesha kijana kusema. Kazi ya kupima alichosema ilibaki pale pale. Ndivyo inavyopaswa, ingawa inauma.

Hakimu wa Sakania akitaka daktari wa akili, jina linalojulikana ni kituo cha Dkt. Joseph Guislain, kilichoko Lubumbashi. Ni zaidi ya kilomita 200, na nauli ya mtoto, ya mama na ya askari wa kuwasindikiza lazima itoke mfukoni mwa mtu.

Mambo mengine hayahitaji safari. Kiti kinaweza kugeuzwa hapo hapo. Mama anaweza kuulizwa kama mtoto aliwahi kupata degedege au malaria iliyopanda kichwani, na kama shuleni alifukuzwa au aliacha mwenyewe. Ukurasa wa kwanza wa PV tayari huandikwa jina la baba, jina la mama, kijiji na teritwari. Mstari wa umri ambao mtoto alianza kusema haupo.