Mukono Unaotetemeka Si Aibu



Wazee wetu wanakumbuka 30 Oktoba 1974, siku Muhammad Ali alipomwangusha George Foreman kule Kinshasa. Katika mwaka 1984 waganga walimwambia Ali kwamba ana ugonjwa wa Parkinson. Katika 1996, kule Atlanta, Marekani, aliwasha moto wa Michezo ya Olimpiki mbele ya dunia yote, mukono ukitetemeka. Hakufichwa. Aliishi na ugonjwa ule mpaka kufa kwake katika 2016.

Lakini katika kartie zetu, muzee mwenye ugonjwa huu mara nyingi anafungiwa chumba cha nyuma. Akipita njiani, jirani wanasema: "Analewa asubui-subui!" Ao: "Bamemuloga." Ndiyo maana ninakuandikia leo.

UGONJWA HUU NI NINI?

Munganga James Parkinson aliuandika katika London, mwaka 1817. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo zinazotengeneza dopamini, kitu kinachosaidia mwili kutembea vizuri. Sehemu hizo zinakufa pole pole. Basi mukono unatetemeka, zaidi ukikaa bila kazi. Mwili unakauka, hatua zinakuwa fupi, maandiko yanakuwa madogo, sauti inashuka, na uso hauonyeshi tena furaha. Hata hivyo mutu anasikia yote unayosema.

Hauambukizi. Si ulozi. Dawa ya kuumaliza haijapatikana, lakini dawa iitwayo levodopa inasaidia wengi kutembea na kufanya kazi.

MAMBO YANAYOGEUZA SIKU YA MUGONJWA

Leo anajifunga vifungo mwenyewe, kesho anashindwa kushika kikombe. Si uvivu, wala si mchezo. Angalia mambo haya:

1. Saa ya dawa. Dawa ikichelewa, mwili unakataa. Umpe kwa saa ile ile munganga aliyopanga. Usiikatishe kwa mara moja, hata kama amepata nafuu ao ameombewa. Kukatisha hivyo kunaweza kuleta hatari kubwa. Luka alikuwa munganga. Maombi na dawa havipigani.

2. Chakula. Nyama, samaki na maharagi vinaweza kuzuia levodopa kuingia vizuri mwilini. Usimnyime vyakula hivyo. Wengi wanasaidiwa kwa kumeza dawa nusu saa ao saa moja mbele ya bukari, umuulize munganga. Maji mengi, matunda na mboga kama sombe vinasaidia, kwa kuwa tumbo linafunga sana.

3. Haraka. "Fanya mbio, baba, tunachelewa!" Neno hilo linamuongezea kutetemeka. Muanze kujitayarisha mapema, na umpe nafasi ya kumaliza sentensi yake.

4. Nyumba na njia. Mara nyingi miguu inagandama mlangoni, kama imepigwa misumari. Usimvute. Chora mustari chini auruke, ao muhesabu pamoja moja, mbili. Wimbo wenye mapigo unasaidia vilevile. Ondoa ndoo na mikeka njiani, na uweke taa karibu usiku, sababu kuanguka kunavunja mifupa.

5. Moyo na ulimi wa watu. Huzuni kubwa ni sehemu ya ugonjwa wenyewe. Tukimcheka, ataacha kutoka. Asipotoka, mwili unazidi kukauka. Kutembea kila siku ni dawa pia.

NENO KWA WENYE KAZI YA MADINI

Kuna ugonjwa mwingine unaofanana na huu. Katika 1837, munganga John Couper wa Scotland aliuona kwa wafanyakazi waliosaga manganezi. Mavumbi na moshi wa manganezi, hata katika kazi ya kusudea vyuma, vinaweza kuharibu ubongo. Na levodopa haiusaidii vizuri. Kwetu manganezi ilichimbwa kule Kisenge. Ukienda kwa munganga, umwambie kazi zote ulizofanya. Umuonyeshe dawa zote pia, kwa kuwa dawa fulani za kuzuia kutapika na za ugonjwa wa akili zinaleta kutetemeka vilevile. Zikibadilishwa, mara nyingi mutu anapona.

TUFANYE NINI?

Ukiona alama hizi, peleka mugonjwa lopitali, si kwa mufumu. Mafranga ya kumulipa mufumu yanunue dawa.

Wewe mama unayemuogesha mume wako na kumlisha kila siku, unachoka, na kuchoka si zambi. Omba jamaa wakupokee hata siku moja kwa juma.

Vijana, mikono ya Musa ilipochoka, Aroni na Huri waliishikilia mpaka jua kushuka. Siku ya Mungu hii, mupite kwa muzee huyo mbele ya ibada, mutembee naye kwa hatua zake. Akifika kanisani amechelewa, tumuachie nafasi karibu na mlango.